Barua za Babu Kutoka Bama: Jinsi ya Kuzitunza, Kuzisoma na Kuzielewa

Siku ya matanga ya bibi, tulipofungua kasha lake, tulikuta bati la biskuti limefungwa kwa kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na risiti za kodi ya kichwa, medali moja, na barua kumi na moja za mumewe, zote za miaka ya vita alipokuwa askari wa Keya. Mjomba alizisoma pale pale kwa sauti, akiruka salamu ili tufike upesi kwenye habari. Alipomaliza tulikuwa tumebaki na vijistari vichache: barua yenu nimeipata, huku mvua ni nyingi, je, fedha mmepokea? Watu wakasema babu hakuandika kitu. Nimezirudia barua zile kwa miaka, na sasa najua kwamba alichoandika kilikuwa ndani ya salamu tulizoziruka.

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye bati kama lile. Keya ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Lugha yake kuu ya kambini ilikuwa Kiswahili. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wake walipigana Uhabeshi, wakavuka kwenda Bukini, yaani Madagascar, kisha wakapelekwa Bama, ambako leo ni Myanmar. Wengi walijifunza kusoma na kuandika humo humo jeshini. Kwa hiyo barua nyingi walizotuachia ziko katika lugha yetu wenyewe.

Kabla hujafungua hata moja

Piga picha ya bati au kasha lilivyo, barua zikiwa katika mpangilio ule ule uliozikuta. Aliyezitunza alikuwa na sababu zake: huenda aliweka juu ile aliyoirudia mara nyingi, au alifunga pamoja mbili zilizofika siku moja. Ukishazichanganya, habari hiyo imepotea.

Nawa mikono, uikaushe sawasawa. Glavu za kitambaa hazihitajiki. Zinakunyima hisia za vidole, na karatasi kavu huchanika upesi. Tandika shuka safi jeupe mezani. Chai, maji na mafuta ya kujipaka viwe mbali, na usilambe kidole ili kufunua ukurasa.

Pini zilizoota kutu usizivute. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya pini na barua, uinue taratibu mpaka ilegee. Mpira wa kufungia uliogandia barua uache kwanza, uondoe kidogo kidogo ule uliokauka na kukatika wenyewe.

Hapa nataka usimame kidogo. Barua nyingi za vita ziliandikwa kwa kalamu ya risasi ya aina ya zamani, ambayo maandishi yake yakiwa makavu huonekana ya kijivu kama penseli ya kawaida, lakini yakiguswa na unyevu hugeuka zambarau na kutapakaa. Tone moja la jasho linatosha. Ukiona doa la zambarau popote kwenye karatasi, jua ndiyo hiyo. Barua ya namna hiyo usiipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, na usiiweke kwenye mvuke ili ilainike.

Barua iliyokunjwa kwa miaka themanini haifunguki kwa nguvu. Ifungue mkunjo mmoja, uiache mezani usiku kucha chini ya karatasi nyeupe, kesho uendelee na mkunjo wa pili. Ikikataa, iache. Unaweza kusoma nusu leo na nusu mwezi ujao.

Kuna mambo matatu ambayo nakuomba usiyafanye, kwa sababu hayarudi nyuma: kuifunika barua kwa plastiki ya moto, kuibandika selotepu ilipochanika, na kuibana kwa stepla. Moja ya barua zetu ilipelekwa kwenye duka la steshenari na ndugu aliyekuwa na nia njema kabisa, ikarudi imelaminetiwa. Leo imeiva rangi ya chai na hakuna namna ya kuitoa humo bila kuichana.

Picha kwanza, maneno baadaye

Simu ya kawaida inatosha. Keti karibu na dirisha mchana, mahali jua lisipopiga moja kwa moja. Zima flashi. Shika simu sambamba na karatasi ili mistari isipinde, na piga pande zote mbili hata kama upande mmoja ni mtupu. Bahasha nayo ipigwe mbele na nyuma.

Maandishi yakiwa yamefifia, subiri giza liingie, washa tochi, uiweke chini kabisa pembeni mwa karatasi ili mwanga upite juu yake ukiwa umelala. Kalamu ya risasi huacha mfereji kwenye karatasi hata baada ya rangi kuondoka, na mwanga wa pembeni huionyesha kila herufi kwa kivuli chake. Kwa njia hii nilisoma jina la kijiji ambalo familia nzima ilikuwa imekata tamaa nalo.

Ipe kila barua namba. Iandike kwa penseli laini, kidogo, pembeni nyuma ya karatasi. Usitumie kalamu ya wino. Faili la picha nalo lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha namba hiyo, ili simu izipange zenyewe. Weka nakala moja kwenye simu, moja kwenye diski au flashi, na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Moto na mafuriko havichagui nyumba.

Soma bahasha kama unavyosoma barua

Watu hutupa bahasha. Tafadhali usitupe. Kwenye barua ya askari wa Afrika Mashariki, bahasha mara nyingi husema mambo ambayo yeye mwenyewe alikatazwa kuyasema.

Tafuta kwanza namba ya askari, ambayo mara nyingi hutanguliwa na herufi. Namba hii ni bora kuliko jina, maana majina yaliandikwa na makarani kwa jinsi masikio yao yalivyosikia. Kisha tafuta herufi E.A.A.P.O. Hiyo ni posta ya jeshi la Afrika Mashariki, na namba inayofuata ni ya ofisi ya posta iliyohudumia kikosi chake. Ukiona S.E.A.C., barua ilitoka eneo la vita la Asia ya Kusini-Mashariki, na kwa askari wetu hilo kwa kawaida ni Ceylon (leo Sri Lanka), India au Bama.

Muhuri wa posta una tarehe. Ulinganishe na tarehe aliyoiandika mwenyewe ndani. Tofauti ya wiki nyingi ni ya kawaida, na inakuonyesha muda ambao nyumbani walikaa bila habari. Angalia pia muhuri wa mkaguzi na saini ya ofisa. Barua za askari zilisomwa kabla ya kuondoka. Jina la mahali, la meli, au habari ya kikosi kuhama vilifutwa kwa wino au kukatwa kwa mkasi. Ukikuta shimo la mstatili katikati ya sentensi, huyo si mende. Weka alama hapo katika nakala yako, uandike upana wa shimo na maneno yaliyo kabla na baada yake.

Halafu angalia jina la mpokeaji. Mara nyingi barua haikuandikiwa mke moja kwa moja. Ilipitia kwa Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, misheni, mwalimu wa shule au mwenye duka aliyekuwa na sanduku la posta. Ni kipande cha historia ya kijiji: kinakuambia nani aliaminiwa.

Nakili neno kwa neno

Chukua daftari au kompyuta, nakili barua nzima jinsi ilivyo. Usisahihishe. Kama ameandika "mimi iko mzima", acha "mimi iko mzima". Hicho ni Kiswahili cha Keya. Kama r na l zimebadilishana, ziache, kwani zinakuambia aliyeshika kalamu alitoka wapi. Neno usilolisoma weka mabano ya mraba na alama ya kuuliza, uendelee. Mara nyingi litajifunua kwenye barua ya tano.

Linganisha mwandiko. Barua kumi za mtu mmoja zikiwa na miandiko mitatu, maana yake alikuwa akiandikiwa na wenzake mpaka mwisho, au mpaka alipojifunza. Katika barua za babu, ile ya saba ina herufi kubwa zinazoyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza, na zote zinazofuata ni za mkono huo huo. Hakuna mahali alipotaja kwamba amejifunza kuandika.

Hili la kuandikiwa libebe moyoni unaposoma. Mume alisema maneno yake kwa mwenzake wa hema moja, ofisa akayasoma, na kule nyumbani mwalimu au katekista akayasoma mbele ya mke, wakwe na majirani. Watu watatu walisimama kati ya mume na mkewe. Nani angetamka mapenzi mbele ya hadhara hiyo? Basi mapenzi yalijificha kwenye mbuzi na mashamba. Anapouliza kwa kirefu kama paa la jiko bado linavuja, anamuuliza mke wake kama analala vizuri.

Barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hasa za watu wa pwani, zinahitaji mtu anayesoma Kiswahili cha hati hiyo. Kujua Kiarabu peke yake hakutoshi. Watafute wazee waliosoma chuoni Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja, uende na picha, barua yenyewe ibaki nyumbani.

Salamu: hapa kaa

Utakuta ufunguzi ambao wengi wetu tunaujua kwa moyo: madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali zenu, ama mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Kisha orodha. Nisalimie baba, nisalimie mama mdogo, nisalimie fulani wa ng'ambo ya mto, mwambie fulani nimemkumbuka. Orodha inaweza kujaza ukurasa na robo, huku "habari" ikiwa na mistari minne.

Usiiruke. Chora jedwali. Safu ya kushoto majina, safu za kulia barua moja moja kwa tarehe. Tia alama kila jina linapotajwa. Ukimaliza utaona mambo manne ambayo hayako kwenye kitabu chochote.

Utaona ukoo, pamoja na majina ya utani na ya unyago au jando ambayo vyeti havina. Utaona mpangilio wa heshima: nani anatangulia, na lini mpangilio huo ulibadilika. Utaona jina jipya likiingia, mara nyingi mtoto aliyezaliwa baba akiwa vitani. Kwetu, baba mkubwa anatajwa kwanza kama "mtoto", halafu barua mbili baadaye kwa jina lake. Na utaona jina likitoweka. Jina lililosalimiwa mara sita na halisalimiwi tena, nenda kaulize. Huenda mtu huyo alifariki, na barua ya kumjulisha askari ilishafika. Wakati mwingine, kabla ya salamu, pana "pole zenu zimenifikia" na hakuna zaidi. Msiba mzima wa mtu aliyeko Bama uko katika maneno matatu.

Kuna hazina nyingine hapa, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Barua za kutoka nyumbani kwenda kwa askari karibu zote zimepotea. Zililowa, ziliachwa hemani, zilizama. Lakini askari alizijibu. Kila anapoandika "mmeniambia", "nimesikia kwamba", "juu ya lile shauri la shamba", anakunukulia barua iliyopotea. Kusanya vipande hivyo kwenye ukurasa wa peke yake, kwa tarehe. Nilipofanya hivyo nilimpata bibi, mwanamke wa miaka ishirini na kidogo, akigombea mpaka wa shamba na shemeji yake, akiuliza kwa nini fedha za miezi miwili hazijafika, akikataa kuhamia kwa wakwe. Bibi huyo hakutuachia hata mstari mmoja wa mkono wake.

Baada ya hapo soma barua nzima kwa sauti mbele ya mzee wa ukoo, salamu zikiwemo. Ziliandikwa zisikilizwe. Rekodi kwa simu, ukiwa umeomba ruhusa. Usiulize "unakumbuka nini kuhusu vita?", uliza "huyu aliyesalimiwa hapa ni nani?" Swali dogo hufungua mlango mkubwa. Nimeona mzee asiyekumbuka alichokula asubuhi akimalizia mwenyewe salamu niliyoianza.

Linganisha tarehe na njia ya vita

Sasa weka tarehe za barua kando ya matukio yanayojulikana. Barua za 1941 kwa kawaida ni za Uhabeshi na Somalia: Addis Ababa ilichukuliwa Aprili 1941, na Wataliani wa mwisho walijisalimisha Gondar Novemba mwaka huo. Kati ya Septemba na Novemba 1942 brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilikuwa Bukini ikipigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikusanyika na kufanya mazoezi Ceylon tangu 1943. Katikati ya 1944 iliingia Bama, ikashuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, kwenye matope na malaria, mpaka Kalewa, na Desemba 1944 ikavuka mto Chindwin. Barua ya Septemba 1944 inayosema "mvua haikatiki na njia ni tope" karibu hakika imetoka bonde hilo, ingawa mkaguzi hakuacha jina lolote. Andika "huenda" pale usipokuwa na ushahidi wa pili. Wajukuu watayachukua maneno yako kama msahafu.

Kama barua zinakoma ghafla mwanzoni mwa 1944, angalia tarehe moja: 12 Februari 1944. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa watu 1,297, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ziko familia zilizongoja barua kwa miaka bila kuambiwa zaidi ya neno moja, "amepotea".

Kutafuta jina

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa katika vita vyote viwili, na kutafuta humo kwenye intaneti ni bure. Anza na namba ya askari. Ukitumia jina, jaribu kila tahajia unayoweza kuiwazia, na jaribu jina moja tu, maana wengi waliandikwa kwa jina moja, wakifuatiwa na jina la baba na la kijiji. Waliokufa Bama bila kaburi kujulikana wako kwenye mnara wa Rangoon ulio katika makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Kwa waliokufa upande wetu, angalia makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na ya Dar es Salaam.

Usipolikuta jina, usikubali mtu akuambie babu yako hakwenda vitani. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao ni wapagazi ambao Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Hao hawakuacha barua karibu kabisa. Ukiwa nayo hata moja ya mwaka 1917, mpelekee picha mtaalamu wa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Nairobi, kabla ya kufanya lolote jingine.

Kama barua zako ni za Kagera

Wenye barua za vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, za vijana wa JWTZ, jeshi la Tanzania, na migambo waliovuka Kyaka mpaka Kampala, hatua ni zile zile isipokuwa moja: mwandishi au mpokeaji anaweza kuwa hai. Barua ni yake. Muulize kwanza, mkiwa wawili, kabla ya kumsomea mtu mwingine, na akikataa, zifunge uzirudishe. Barua za vita zina deni, zina mtoto wa nje, zina maneno aliyoyasema mtu aliyedhani hatarudi. Karatasi za daftari na wino wa kalamu ya biro wa wakati ule hufifia haraka juani, kwa hiyo picha usicheleweshe kama ruhusa ipo.

Kuziweka

Kila barua ikae wazi, bila kukunjwa, katikati ya karatasi mbili nyeupe safi, ndani ya boksi la kadibodi imara. Mfuko wa plastiki wenye harufu kali ya "upya" haufai. Kasha la mbao ni zuri kwa nguo; ukilitumia kwa barua, lizungushie kwanza ndani kitambaa cha marekani kilichofuliwa mpaka wanga wote ukatoka. Karafuu na naftalini visiguse karatasi, maana huacha mafuta na madoa. Boksi likae chumba cha ndani, juu ya kabati na si sakafuni, mbali na ukuta wa nje na jiko. Lifungue kila baada ya miezi mitatu kutafuta ukungu, mende na mchwa. Ukiona wadudu, funga barua kwa mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, uziweke kwenye friza inayogandisha sana kwa wiki mbili, kisha uziache siku nzima nje ya friza bila kuufungua mfuko.

Mwisho, rudi kwenye jedwali la salamu. Chagua nyumba zilizotajwa ambazo bado zina watu, hata kama mlishapoteana. Chapisha picha ya ukurasa wao pamoja na nakala uliyoiandika, uende nayo mwenyewe. Ukifika, kabla ya kueleza wewe ni nani na umeipata wapi, soma mstari ule mmoja: "Nisalimie sana nyumba ya fulani, waambie niko mzima." Halafu wape karatasi.